Ngozi ya Udhia

Fiqhi tuliyosomeshwa na mashekhe wetu wa Kishafii humkataza mtu kuiuza ngozi ya mnyama aliyemchinja udhia, ila aitumie mwenyewe au aitoe sadaka. Na kwa hukumu hiyo, naamini, ndipo ilipostawi ile kazi ya ngozi iliyokuwa ikifanywa katika nyua za nyumba zetu za Lamu kila ilipopita Idi ya Kuchinja, nami nikaidiriki kwa macho na mikono yangu kabla haijatoweka.

Marehemu babu alianza kwa kuikwangua ngozi ya mbuzi kwa kisu butu juu ya gogo la mviringo, mpaka shahamu na utando wa nyama vikaisha, kwani palipobaki shahamu dawa haipenyi. Kisha akaiosha, akaitumbukiza katika maji ya shabu na chumvi, ratli moja ya shabu kwa galoni ya maji, akaiacha humo siku kadhaa. Aliichagua shabu kwa kuwa huyaacha manyoya na weupe wake, ilhali magome ya mkandaa, yafaayo ngozi ya makubadhi, huitia wekundu. Ilipotoka aliianika kivulini, wala si juani ikakakamaa, na kabla haijakauka sawasawa aliniita: “Vuta, mjukuu wangu, ingali na maji.” Tukaivuta na kuisugua juu ya ukingo wa ubao mpaka upande wa nyama ukawa mweupe na mwororo kama bafta, na msala ukapatikana.

Mabadiliko yalikuja polepole. Walitokea wachuuzi wakinunua ngozi zilizowambwa zikakauka tu, bila ya dawa, ili zipelekwe Mombasa na kutoka huko ng’ambo, ambako viwanda, tangu Augustus Schultz alipopata hataza yake Marekani mwaka 1884, vilijifunza kutumia chumvi za kromi na kumaliza kwa muda mfupi kazi ambayo magome huifanya kwa majuma mengi. Ngozi za udhia, kwa kuwa wenyewe hatuna ruhusa ya kuziuza, tukawa twazitoa sadaka, na mafukara, ambao wao wameruhusiwa, wakawauzia wachuuzi wale wale; hivyo sheria ikahifadhika, lakini kazi ikatutoka mikononi, nasi tukaanza kusali juu ya misala ya nailoni iliyofumwa katika nchi za watu. Leo, bei inapoanguka, nimeziona ngozi nzima zimetupwa jaani, na moyo wangu umeumia.

Simlaumu mchuuzi wala fukara, maana kila mmoja alitafuta riziki yake kwa halali. Lakini shabu ingali yauzwa madukani, chumvi imo jikoni, na kisu butu hakikosekani nyumbani. Lililopunguka ni mtu wa kukaa na kijana akamwonyesha, nami, maadamu Mola amenijaalia uhai na nguvu za mikono, nimeazimia kuwafundisha wajukuu zangu Idi ijayo, pamoja na kila mtoto wa mtaani atakayependa kuja.