Safari ya Newala na Mbu wa Mchana

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Newala hana budi kujiandaa kwa siku nzima ya basi. Hapo zamani mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, wengi huupita wakiwa wamesinzia. Baada ya Lindi nchi huanza kuinuka, na mwishowe basi huupanda uwanda wa juu wa Makonde, penye mikorosho kila upande wa barabara.

Newala yenyewe imekaa ukingoni. Mgeni hupelekwa kwanza mahali paitwapo Shimo la Mungu, ambapo ardhi hukatika ghafla na macho huteremka hadi bonde la Ruvuma. Ng'ambo yake ni Msumbiji. Ni mandhari ya kumnyamazisha mtu. Lakini atazamaye kwa makini huiona pia shida kongwe ya mahali hapa: maji yako chini, watu wako juu.

Ndugu msomaji, sikwenda huko kwa ajili ya mandhari. Nilimpeleka mke wangu kwao, pamoja na mtoto wetu wa miaka miwili, na katika mizigo nilitia vyandarua viwili. Cha pili kilikuwa kidogo, na kazi yake ilikuwa ya mchana. Wakwe zangu walipoona mtoto analazwa ndani ya chandarua saa saba ya mchana, jua linawaka, walishindwa kukizuia kicheko.

Nilikuwa na sababu zangu. Mwaka 2019, homa ya kidingapopo ilipoenea Dar es Salaam, mimi niliyejigamba kwamba silali bila chandarua nililala kitandani siku nane, mifupa ikiniuma kama iliyotwangwa. Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Malaria huletwa na mbu wa usiku. Kidingapopo huletwa na mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, ambaye wataalamu humwita Aedes. Huyu hushika zamu ya mchana: huwahi asubuhi, kisha huongeza bidii alasiri mpaka jua kutua. Hupenda kuuma vifundo vya miguu, na hujificha chini ya meza na nyuma ya nguo zilizotundikwa. Ufungapo chandarua usiku, yeye amekwisha shiba.

Bibi yake mke wangu ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Mjukuu wangu," aliniuliza, "huo ugonjwa wako si ndugu yake ule wa kwetu?"

Ni ndugu yake hasa, kwani mbu ni yuleyule, ingawa virusi ni tofauti. Mwaka 1952 ugonjwa mgeni ulizuka katika uwanda huu na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Daktari Marion Robinson aliandika dalili zake, na mwenzake Lumsden akaandika jinsi ulivyoenea. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955. Jina lake, chikungunya, limetoka katika Kimakonde, na maana yake ni kile kinachokunja, kwa vile mgonjwa hutembea ameinama kwa maumivu ya viungo. Leo madaktari wa dunia nzima hulitamka jina hilo, na nadhani wengi wao hawajui Newala iko wapi.

Bibi alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alikumbuka nyumba ambazo hapakuwa na mtu wa kuinuka kwenda kuteka maji. Kuteka maji kulikuwa kuteremka hadi bondeni na kupanda tena na mtungi kichwani, na maji hayo yakawekwa ndani ya nyumba kwa siku nyingi. Lumsden aliwakuta mbu wale wakizaliana humo humo mitungini. Tangu niisikie habari hiyo, nimepunguza haraka ya kuwahubiria watu wamwage maji. Aliyeyapandisha mlimani kwa kichwa chake atayamwagaje?

Mambo kama hayo yalionekana Lamu mwaka 2004. Ukame ulikuwa mkali, watu wakahifadhi maji majumbani, na chikungunya ikawapata wengi wa wakazi wa mji ule. Kutoka pwani yetu iliendelea hadi Komoro, kisha kisiwa cha Reunion, ambako katika miaka ya 2005 na 2006 waliougua walizidi 250,000. Mwaka 2007 ilizuka Italia, baada ya msafiri mmoja kufika huko kutoka India akiwa na virusi mwilini. Basi msafiri ajihadhari kwa nafsi yake na kwa ajili ya wenyeji wake pia. Suruali ndefu na soksi, shati la mikono mirefu, dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu, tena mchana: hayo si maringo ya watalii. Na homa ikimshika, kwa kawaida siku tatu hadi saba baada ya kuumwa, aende akapimwe. Hakuna dawa ya kuua virusi hivi. Atapumzika, atakunywa maji mengi, atatumia parasetamoli. Asimeze asipirini kabla haijathibitika kwamba si kidingapopo, kwani inaweza kumtoa damu. Juma la kwanza alale ndani ya chandarua hata mchana, ili mbu asimfyonze akawapelekea majirani.

Bibi alinionyesha mtungi wake. Mdomo ulifungwa kwa kipande cha kanga, kikakazwa kwa kamba. Kila Ijumaa huyahamishia maji katika ndoo, akausugua mtungi kwa ndani kwa mchanga, kisha akayarudisha yaleyale. Kusugua ndiko hasa kunakotakiwa, maana mayai ya mbu huyu hugandamana na ukuta wa chombo, na hukaa pakavu miezi mingi bila kufa, yakingoja maji.

Tuliporejea Dar es Salaam usiku, mke wangu alikwenda uani kwenye pipa letu, lile tunalolijaza kwa kuhofia mgao. Kifuniko kilikuwa chini. Alimulika kwa tochi, viluwiluwi wakapiga mbizi wote kwa pamoja. Mtoto nilimwacha amelala begani mwa shangazi yake, nikaenda kutafuta brashi.