Juu ya Kukisia Mikutano ya Mbali

Mtu hupata kujua idadi ya vitu kwa njia tatu: kwa kuhesabu, kwa kuuliza, na kwa kukisia. Ya kwanza ina taabu, ya pili ina gharama, na ya tatu ndiyo itumikayo zaidi. Mkulima wa mpunga wa Ndungu hukisia magunia yake kabla hajavuna, na mnunuzi naye hukisia. Na baina ya makisio hayo mawili ndipo bei inapozaliwa. Sioni aibu yoyote katika kukisia. Walakini yako makisio yafanywayo kwa kulitazama shamba, na yako yafanywayo kwa kulitazama ghala la muuza mbegu. Haya ya pili, ingawa hutangazwa kwa tarakimu nzuri, hayatuambii sana juu ya mavuno.

Nimelazimika kuyafikiri mambo haya kwa sababu ya kijana mmoja niliyepata kumfundisha, ambaye sasa ana kazi katika kampuni iuzayo vifaa vya ofisi mjini Dar es Salaam. Aliniletea ujumbe, na baada ya kuniamkia na kuulizia hali ya nyumbani, akanieleza kwamba wakubwa zake walitaka kujua ni sehemu gani ya vyumba vya mikutano katika miji ya wilaya inayotumia mitambo ya kukutana kwa njia ya video: yaani kamera, kipaza sauti, na kioo kikubwa cha kuwaonyesha walio mbali. Madhali mimi nakaa Same, na madhali sina tena kengele ya shule ya kunikimbiza asubuhi, aliniona nafaa kuzunguka na kutazama. Nilikubali upesi, maana mstaafu hapewi kazi kila siku.

Same si mji mkubwa. Umekaa chini ya milima ya Upare ya Kusini, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha na kando ya reli itokayo Tanga. Na jua lake na vumbi lake havifanani hata kidogo na ukungu wa Chome au baridi ya Mbaga, ambako watu wa wilaya hii hii wanaishi. Vyumba vyake vya mikutano vyaweza kuzungukwa kwa siku chache na mtu mwenye viatu imara na subira ya kungojea funguo. Niliona vya idara, vya madhehebu ya dini, vya vyama vya ushirika, na vya nyumba za wageni ambavyo hukodishwa kwa semina. Katika baadhi yake mtambo ulikuwapo. Katika kimoja, ambacho wenyewe sitawataja, kioo kilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma, kama redio zilivyofunikwa zamani katika sebule za wazee wetu, na kile kidude cha kuwashia kilifungiwa kabatini. Mwenye ufunguo wa kabati hakuwapo. Nikauliza amekwenda wapi, nikaambiwa amekwenda Moshi mkutanoni, mwendo wa kilomita 100 na ushei. Sikuona adabu kucheka mbele ya wenyeji wangu.

Sasa, msomaji, chumba kile tukiweke upande gani? Muuzaji atakiweka upande wa vinavyotumia, kwa kuwa stakabadhi ya mauzo anayo. Mtunza mali atakiweka upande huo huo, kwa kuwa mtambo umebandikwa namba na umo katika daftari lake. Mfagiaji peke yake, ambaye hupangusa vumbi juu ya kitambaa kila Jumatatu na ndiye ajuaye zaidi kuliko wote, atasema hapana. Lakini mfagiaji haulizwi.

Siku ya pili nilikuta chumba kingine kisicho na mtambo wowote. Simu ya mkononi ilikuwa imeegemezwa kwenye chupa ya chai, na watu sita walikuwa wamesongamana mbele yake, wakizungumza na mwenzao aliyeko Dodoma. Bando walichangishana. Mazungumzo yalikatika mara mbili, wakangoja, yakarudi, na kabla ya saa sita jambo lao lilikuwa limekatwa na kuandikwa. Katika orodha ya muuzaji chumba hicho ni sifuri. Basi tazama jinsi kipimo kimoja kinavyokosea pande mbili kwa wakati mmoja: kinaongeza pasipo na kitu, na kinapunguza penye kitu. Wala hatuwezi kutumaini kwamba kosa la upande huu litafuta kosa la upande ule, kwa kuwa hayana uhusiano.

Biashara hii ina historia ndefu ya kukisia vibaya. Wajerumani walifungua simu ya kuonana uso kwa uso baina ya Berlin na Leipzig mwaka 1936, na vita vikaimaliza. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilionyesha simu yake ya picha katika maonyesho makubwa ya New York mwaka 1964, ikaanza kuiuza Pittsburgh mwaka 1970, na wakubwa wake wakatumaini kwamba kufikia 1980 simu za namna hiyo zingekuwa milioni moja. Wateja hawakupatikana, na mradi ukafifia. Miaka 50 baadaye kosa lilikuja kwa sura nyingine. Mwezi wa Aprili 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani, kampuni ya Zoom ilitangaza kwamba ina watumiaji milioni 300 kwa siku, kisha ikalazimika kusahihisha: hawakuwa watumiaji, bali mahudhurio ya mikutano. Mtu aliyehudhuria mikutano mitano siku moja alikuwa amehesabiwa kuwa watu watano. Kama makisio ya namna hiyo yangefanywa kanisani au msikitini, kila mcha Mungu wa kweli angekuwa kijiji kizima.

Juu ya vyumba vyenyewe, makisio yaliyonukuliwa sana ni ya kampuni ya Frost & Sullivan, yatajayo vyumba vya mikutano milioni 90 hivi duniani, na kwamba chini ya kimoja kati ya kumi ndicho chenye mtambo wa video. Sehemu ya juu ya hesabu kama hiyo yaweza kupatikana, kwa sababu viwanda hujua vimepeleka sokoni mitambo mingapi. Ni sehemu ya chini inayonishughulisha. Chumba cha mikutano ni nini? Huku kwetu darasa huwa chumba cha mikutano Jumamosi, na kivuli cha mwembe huwa hivyo siku yoyote. Mlimani kuna ndiva, yale mabwawa ya asili ambayo Wapare waliyajenga kukusanya maji usiku ili yafunguliwe asubuhi. Na wenye mashamba hukutana kugawana zamu za maji. Mkutano wa namna hiyo hauwezi kufanywa mbele ya kioo, maana wahusika wote wako pale na jambo lenyewe liko miguuni pao. Kuutia katika hesabu ili kuonyesha kwamba Upare uko nyuma ni sawa na kumhesabia samaki upungufu wa viatu.

Nikaona heri kuacha kuhesabu vyumba, nihesabu mikutano; tena si mikutano yote, bali ile tu ambayo angalau mmoja wa waliotakiwa yuko mbali. Katika hiyo, ni mingapi ambayo yule wa mbali alihudhuria bila kusafiri? Swali hili lina jibu, na jibu lake limo katika karatasi: mihutasari ya vikao upande mmoja, na daftari la posho za safari upande wa pili. Mahakama zimetangulia hapa. Kanuni za uendeshaji wa mashauri kwa njia ya mbali zilitolewa nchini mwaka 2021, na kwa kuwa kila shauri lina jalada lake, na kila kikao kina tarehe yake na jinsi kilivyoendeshwa, atakaye kuhesabu atahesabu.

Katika ofisi nyingine daftari la posho husema zaidi kuliko mihutasari, na hapa sina budi kusema waziwazi jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Anayesafiri kwenda kikaoni hulipwa posho ya kujikimu. Anayeketi mbele ya kioo hupata chai na andazi. Mishahara ni midogo na ada za watoto ni kubwa. Siwalaumu wanaosafiri, na huenda nami ningekuwa miongoni mwao. Lakini muuzaji anayedhani kwamba mtambo wake unafunikwa kitambaa kwa kukosa mafunzo, au kwa sababu umeme hukatika na mtandao hulegea, hajaisoma nusu ya sababu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulianza kujengwa mwaka 2009, na mwaka huo huo waya wa kwanza wa baharini ulifika Dar es Salaam. Mwezi wa Machi 2020 mawaziri wa nchi za SADC walikutana kwa njia ya video, kikao kikiongozwa kutoka Dar es Salaam, na mwezi wa Agosti wakuu wa nchi wakafanya vivyo hivyo. Njia ipo, kinachobaki ni nani hupata nini kwa kuipita.

Wako pia wasafiri ambao hakuna daftari linalowaandika. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba anayeshuka Same kwa ajili ya kikao hujilipia nauli, hupoteza siku nzima, na mvua ikinyesha hulala mjini kwa jamaa. Nilidhani kwamba kwake yeye mtambo ungekuwa neema isiyo na shaka, nikamwuliza mama mmoja kama asingependa kuwasikiliza wakubwa kwa simu akiwa nyumbani kwake.

"Kusikia nasikia hata kwenye simu, Baba," akanijibu. "Mimi nashuka ili nionekane."

Neno lile lilinikumbusha jambo ambalo kila mtoto wa Same hulisikia. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka milimani kwa miguu wakapiga kambi hapa mjini, mbele ya ofisi ya Bwana Shauri, kupinga mbiru, kodi iliyotozwa kila mtu kwa kadiri ya mali yake. Profesa Isaria Kimambo, Mpare na mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliieleza habari hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1971. Kilichowachoma watu hasa kilikuwa kule kukisiwa: mtu kuambiwa na mwingine kwamba una ng'ombe kadha na migomba kadha, kwa hiyo utatoa kadha. Walikuja wenyewe, na uzito wao wote ulikuwa katika kuwapo kwao. Hatimaye kodi ile iliachwa. Najaribu kuwafikiria wakiwa katika vijumba vidogo vidogo juu ya kioo, na Bwana Shauri akiwa na kidole karibu na kitufe cha kuzimia.

Kwa hiyo nilipomwandikia kijana wangu, sikumpa tarakimu moja aliyoitaka. Nilimpa orodha mbili: ya vyumba vyenye mitambo, na ya vikao vilivyomhudumia mtu wa mbali bila kumsafirisha. Majina katika orodha hizo mbili hayakulingana isipokuwa mahali pachache. Nikamshauri pia kwamba katika miji kama hii kampuni yake ingeuza zaidi kipaza sauti kizuri cha bei nafuu, cha kuunganisha na simu, kuliko vioo vikubwa. Akanijibu kwa heshima kwamba wakubwa wanahitaji asilimia, kwa sababu jedwali lao lina nafasi ya asilimia tu. Nikamwambia basi aiache nafasi hiyo wazi kwa Same; sijui kama aliiacha.

Katibu wa kile chama chenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai alipendezwa na maswali yangu kuliko nilivyotazamia. Daftari lake la vikao lilikuwa na safu mbili tu, waliohudhuria na wasiohudhuria, na yule mwenzao wa Dodoma alikuwa akiandikwa katika safu ya pili ingawa alizungumza kuliko wote. Nilipopita tena mwezi uliofuata, alikuwa amepiga mstari kwa rula na kufanya safu ya tatu. Ilikuwa na majina manne, yote kwa kalamu ya risasi, maana mwenyekiti alikuwa bado hajaamua kama waliomo humo wana haki ya kupiga kura.