UMEKABIDHIWA FUNGUO GANI?



Mwaka 2013, kule Kentucky, Marekani, kiwanda cha Buffalo Trace kiligundua kwamba chupa 195 za wiski ya Pappy Van Winkle hazipo. Wiski hiyo ilikuwa imekaa kwenye mapipa ya mbao miaka 20. Chupa zake ni chache, na wenye pesa huzigombania.

Hawakuwa majambazi walioruka ukuta. Kumbe aliyeshtakiwa kuongoza wizi pale kiwandani ni mfanyakazi wa miaka mingi. Alikiri makosa, na mwaka 2018 akahukumiwa miaka 15. Aliachiliwa mapema kwa masharti, lakini jina zuri halirudishwi na jaji.

Mimi si wa kumrushia jiwe. Kabla sijaokoka nilikuwa karani wa stoo. Nilianza na pakiti moja ya sukari. Nikajiambia, "Tajiri hataona." Kweli hakuona. Wiki iliyofuata zikawa mbili. Nilipookoka, kulia madhabahuni kulikuwa rahisi. Kurudi kwa yule mzee na kumwambia "nilikuibia" ndiko kulinitoa jasho.

Mpendwa, wewe umekabidhiwa funguo gani? Pesa za chama? Sadaka? Duka la M-Pesa la mtu? Soma Luka 16:10 polepole. Kama kuna kitu cha watu mkononi mwako, kirudishe leo, kabla hujaulizwa.

Bwana akupe ujasiri. Amina. 🙏