Mfarishi Unaomalizika

Niliingia katika kazi ya ushonaji hapa Kahama katika miaka ya mwanzo ya 1980, zama ambazo nguo ilikuwa adimu kuliko hata fedha ya kuinunulia, na khanga na vitenge vya viwanda vyetu wenyewe, Urafiki wa Dar es Salaam na Mwatex wa Mwanza, vilitufikia kwa uchache wa kusikitisha, ijapokuwa pamba tuliilima sisi katika mashamba yetu. Kwa sababu hiyo fundi aliyenifunza, mzee mwenye asili ya pwani ambaye wazazi wake walihamia Tabora, hakuridhia kipande chochote kilichozidi upana wa kiganja kitupwe. Vipande vilitiwa katika gunia chini ya meza ya kukatia, na gunia likijaa, mzee aliketi jioni akaviunganisha, akaweka blanketi kuukuu katikati na bitana ya marekani chini, akavidarizi vyote pamoja kwa mishono mirefu, ukapatikana mfarishi wa kumsitiri mtu na baridi ya Juni na Julai, baridi ambayo mgeni haisadiki mpaka alale Kahama usiku mmoja.

Mitumba ilipofunguliwa milango katikati ya miaka hiyo, nilidhani sanaa ya viraka imekufa, kwa kuwa blanketi la mtumba lilipatikana mnadani kwa bei ndogo. Haikufa. Mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2001, na ule wa Buzwagi, uliokuwa kando ya mji wetu, ulipofuata mwaka 2009, mji ulipanuka kwa kasi, nyumba za wageni zikaota kandokando ya barabara iendayo Rwanda na Burundi, na wenye nyumba hizo wakataka vitanda vyao vitandikwe kitu ambacho jirani hana. Wakati huo fundi wangu alikwisha fariki, Mungu amrehemu, nami nilikuwa na cherehani zangu na wanafunzi wangu, wengi wao wasichana, baadhi yao wakitoka moja kwa moja machimboni Kakola, ambako walikuwa wamechoka kupika chakula cha wachimbaji na kudai malipo yasiyokuja.

Wanafunzi hao ndio walionifundisha jambo ninalotaka kulieleza. Katika kabati la karakana yangu kulikuwa na rafu iliyojaa mifarishi iliyoachwa njiani: upande mmoja umeunganishwa vizuri, upande wa pili ni furushi la vipande vilivyofungwa kwa uzi, na mwenyewe amekwenda kuuza nyanya. Siku moja niliitandaza yote mezani nikaichunguza mmoja mmoja, nikaona kwamba walioiacha hawakuwa wavivu kuliko wenzao, wala vidole vyao havikuwa vizito. Wengine walikuwa hodari wa magauni na sare za shule. Walichoshirikiana wote ni sampuli waliyoichagua. Ama ilikuwa nyota, ama ua lenye petali, ama vipande vidogo mno kwa kitanda kikubwa mno.

Tangu hapo, mwanafunzi akija na picha katika simu yake, mazungumzo yetu huenda namna moja.

“Shikamoo mama. Nataka kushona huu wa nyota.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nihesabie pembe zinazokutana.”

Huhesabu, hufika katikati, hucheka, na aghalabu simu hurudi mfukoni bila mimi kusema neno la pili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na anayeweza kupima mita za pazia anaiweza. Chukua kitanda cha nne kwa sita, ambacho ndicho kitanda cha watu wengi hapa kwetu. Ukiamua kila kipande kikishashonwa kiwe na inchi 6 kila upande, utahitaji vipande 96, na ndani ya mfarishi patakuwa na mahali 77 ambapo pembe nne hukutana na hapana budi zikutane sawasawa, kwa maana jicho la mtu, hata asiyejua kushika sindano, huona msalaba uliopinda kabla ya kuona rangi. Ukiamua kipande kiwe cha futi nzima, vipande huwa 24, na makutano huwa 15 tu. Kitanda ni kilekile, joto ni lilelile, na yule mwenye vipande 24 humaliza hali mwenzake angali anakata. Tena kosa hujilimbikiza: mkono mgeni ukila robo inchi zaidi katika kila mshono, mishono 11 ya urefu ule wa kwanza humeza karibu inchi 3, na mistari miwili iliyoliwa kwa vipimo tofauti haikubali kuungana hata uivute, ilhali mishono 5 ya vipande vikubwa humeza kama inchi moja na robo, kasoro ambayo pindo pana huificha bila mtu kuuliza.

Nyota ina taabu nyingine, nayo ni hanamu. Kila fundi anajua kwamba kitambaa kilichokatwa kufuata uzi wake hutulia, na kilichokatwa hanamu huvutika. Na nyota haina ikhtiari, pembetatu zake lazima ziwe na upande mmoja wa hanamu angalau. Mwanafunzi huzivuta bila kujua zinapopita chini ya mguu wa cherehani, zikirefuka kidogo kila mara, na akimaliza nyota ya kwanza huiona imevimba katikati na kukataa kulala mezani. Huipiga pasi, huzidi kuvimba. Hapo ndipo moyo huvunjika, na rafu yangu hupata mgeni mpya.

Basi ni sampuli gani anayoimaliza? Ya kwanza ni hiyo ya miraba ya futi moja, vitenge viwili na kitambaa kimoja cha rangi tupu, vikipishana. Ya pili, na hii naipenda zaidi, ni ile inayoanza na mraba mmoja katikati, kisha ukanda upande mmoja, ukanda upande wa pili, ukizunguka hivyo hadi ukubwa unaoutaka. Haina makutano ya pembe nne hata moja. Upana wa ukanda mmoja ukipungua, ukanda unaofuata huusawazisha, na lililo jema kuliko yote, popote mwanafunzi atakapochoka pana kitu kilichokamilika: akiishia mapema ni mto, akiendelea kidogo ni mfarishi wa mtoto, akistahimili ni wa kitanda. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama, Marekani, ambao ni wazao wa watumwa, wameishona sampuli hii kwa vizazi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, wakiiita paa la nyumba, na mwaka 2002 mifarishi yao ilitundikwa katika majumba ya makumbusho ya Houston na New York kama picha za wasanii wakubwa. Hakuna aliyewaambia kwamba sampuli yao ni ya wanagenzi.

Tena wako ndugu zetu walio mbali, Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao mababu zao walivukishwa bahari kutoka pande hizi za Afrika. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi bila kupima wala kuunganisha vipande kwanza: hutandaza sari kuukuu, huanza ukingoni kwa sindano ya mkono, hupachika kiraka juu yake, kisha kingine, wakizunguka kuelekea katikati, na mshono uleule unaoshika kiraka ndio unaodarizi. Kazi tatu zimekuwa moja. Kwa mwanafunzi asiye na cherehani nyumbani, naona njia hii haina mfano, nami huifundisha katika majira ya mvua, umeme unapokatika na mikono imekaa bure.

Kuhusu vitambaa sina mengi. Kitenge kipya kifuliwe kabla ya kukatwa, maana baadhi huchuja rangi na vingine hurudi. Pamba isichanganywe na kitambaa kinachoteleza. Katikati tia blanketi jepesi, usitie pamba mbichi, ambayo hujikusanya vifundo baada ya kufuliwa mara chache. Na khanga ya marehemu mama yako usiikate jina lake. Nimeletewa khanga za namna hiyo, nikaona maneno yamegawanyika, nusu mashariki nusu magharibi, nikamwambia mwenye mali ni heri angeitandika nzima katikati na kuizungushia mikanda.

Wako mafundi wenzangu wanaonilaumu kwamba nawazoesha wanafunzi wepesi, na kwamba kazi ngumu ndiyo inayomkomaza mtu. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Asiyemaliza hajifunzi kufunga pindo, wala kudarizi tabaka tatu bila kukunja ile ya chini, wala kutaja bei mbele ya mnunuzi, na hizo ndizo sehemu za kazi zinazoleta chakula. Waliomaliza mfarishi mwepesi hurudi wenyewe kuomba nyota, nami huwapa.

Kwa hiyo wewe unayeanza, acha kitanda kwanza. Shona mfarishi wa mtoto, futi 3 kwa 4, miraba 12 iliyokatwa inchi 13 ili kila upande ubaki na nusu inchi ya mshono. Makutano yake ni 6 tu. Piga bandi kabla ya kupitisha cherehani, maliza na pindo, ndipo uje tuzungumze habari za nyota.