Umande Ndani ya Mpira

Likizo ya Juni tulitumwa wawili Shelui, wilayani Iramba, kumsaidia Padre mmoja mzee. Ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na daktari alimpa mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani mfululizo ili koo lisizibe. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney walieleza tiba hiyo mwaka 1981. Tulipofika, Padre alikuwa ameiweka juu ya kabati. "Inanimwagia maji puani," alisema.

Bila mashine alikoroma, akanyamaza, akashtuka kama aliyekabwa. Mchana alisinzia akiongea na watu. Na bado alikuwa akiendesha pikipiki kwenda vigangoni, barabara ileile ya malori yanayoshuka mlima Sekenke. Hilo ndilo lilitutia hofu.

Waumini walidhani mashine ni mbovu. Haikuwa mbovu. Ina kitangi kinachopasha maji moto ili hewa isikaushe koo. Hewa hiyo yenye mvuke hupita kwenye mpira wa karibu mita 2, na usiku wa Juni huku ni baridi. Mpira ukipoa, mvuke hugeuka maji, kama mfuniko wa sufuria ya wali. (Aristotle alieleza umande karibu hivyohivyo, kumbe tulichokariri darasani kina kazi chumbani kwa Padre.)

Tuliishusha mashine kwenye kigoda, chini ya usawa wa kitanda, ili maji yarudi upande wa mashine badala ya kuteremkia puani. Mama mmoja wa WAWATA alishona kipande cha blanketi kuuzunguka mpira wote. Dirisha la kichwani tulilifunga. Unyevu tuliupunguza ngazi moja tu, kwa sababu hewa ya Singida kiangazi ni kavu, na ukiuzima kabisa koo linachubuka. Mgandamizo wa hewa hatukuugusa. Huo ni wa daktari. Kila asubuhi tulimwaga maji ya kitangi na kuutundika mpira ukauke.

Usiku wa kwanza matone yalipungua. Usiku wa tatu kukawa kimya kabisa, hata tukaamka kwenda kusikiliza mlangoni kama anapumua.

Asubuhi Padre alitutazama. "Wanangu, mbona macho mekundu? Hamkulala?"