Gari la Baba

Huenda, msomaji, nyumbani kwenu kuna kitu kikuukuu ambacho kila mtu hukipita bila kukitazama. Kwetu kitu hicho kilikuwa gari, pikapu aina ya Peugeot 404. Lilisimama katika banda la mabati nyuma ya nyumba, huko milima ya Taita, magurudumu yake hayana pumzi na kuku wakitaga katika kiti cha dereva. Siku moja alikuja mnunuzi wa vyuma vikuukuu akalizunguka na kutaja bei. Baba yangu hakumjibu. Aliushika mlango wa gari lile kama mtu ashikaye bega la rafiki mgonjwa. Jioni ile nilimwahidi kwamba nitalifufua, na kwamba yeye ndiye atakayekuwa abiria wangu wa kwanza. Ilikuwa ahadi nzito, kwa sababu baba alikuwa amepita miaka 70, na nuru ya macho yake ilikuwa ikipungua mwezi kwa mwezi.

Yafaa nikueleze kwa nini gari lile lilikuwa na heshima. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1963, magari 84 yaliondoka, yakafika mwisho 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7, na la kwanza lilikuwa 404 tena. Gari lililoyashinda matope ya namna hiyo halikukosa kupendwa na wakulima na wachuuzi. Kwa gari lake baba alichukua kabichi na nyanya kutoka Wundanyi hadi Mombasa, mwendo wa kilomita 200 hivi. Ada yangu ya shule ilitoka katika mgongo wa gari hilo.

Nilianza kazi wakati wa likizo. Injini yake ina silinda nne, nayo imelazwa upande kwa nyuzi 45. Kila kipande nilichokifungua nilikiandika jina na kukitia katika mkebe wake, nisije nikasahau kilikotoka. Nati zilizoshikana kwa kutu nilizilowesha kwa mafuta ya taa usiku kucha. Maana nilipotumia nguvu siku ya kwanza, nilikata bolti mbili. Kwa msaada wa fundi mmoja mzee, likizo ya pili injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikanguruma. Baba alitoka nyumbani akipapasa ukuta, akasimama akisikiliza, akacheka peke yake.

Furaha ile ndiyo iliyoniponza. Nilitamani kumaliza upesi, na kazi ya bodi ilikuwa bado. Kutu, kama ujuavyo, hutokea chuma kinapokutana na maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha. Gari la baba lilikuwa limevuta hewa ya bahari kwa miaka mingi. Tena kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo huivimbisha rangi kutoka ndani. Dawa yake ni moja: kukata mpaka ufike penye bati zima, kisha kuchomelea bati jipya. Mimi sikufanya hivyo. Nilijaza mashimo kwa fila, ule uji mzito unaoganda ukawa mgumu, nikaupiga msasa, nikapaka rangi ya samawati. Juu ya sakafu nilitandika zulia la mpira. Majirani walikuja kutazama, wakasema gari limekuwa jipya.

Baba naye aliletwa. Hakuuliza habari za rangi. Alianza kuligonga gari kwa kifundo cha kidole, polepole, toka mbele hadi nyuma: ngo, ngo, ngo. Chini ya mlango wa abiria sauti ikabadilika, ikawa nzito.

"Mwanangu, hapa umeweka nini?"

"Ni rangi, Baba."

"Rangi haina sauti ya udongo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Rangi ni ya macho, nami macho yananiacha. Sakafu ni ya miguu, na miguu ningali nayo."

Nililiinua zulia, nikaigusa sakafu kwa bisibisi. Ikapenya kama kisu katika papai lililoiva. Hapo ndipo miguu ya baba ingekanyaga siku ya safari yetu. Niliona haya, msomaji, kuliko nilivyopata kuona haya mbele ya mtu yeyote. Mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangapi nimewakemea kwa kunakili jibu la hesabu bila kufanya kazi yake? Na mimi nilikuwa nimenakili jibu.

Kazi iliyofuata ilichukua miezi mitano. Nilikwangua rangi yote nzuri, nikakata mabati yaliyooza, nikatafuta fundi wa kuchomelea. Alinifunza kushikiza bati jembamba kwa nukta fupi fupi na kuliacha lipoe, kwa kuwa moto mwingi hulipinda. Wakati huo macho ya baba yalizidi kufifia, nami nililala nikihesabu siku.

Tulisafiri mwezi wa Desemba, tukateremka kwa taratibu kona za barabara ya Mwatate. Baba hakuiona rangi mpya, wala sikumtajia. Alikuwa amevua viatu na kuweka nyayo zake juu ya sakafu, akisikia mtetemo wa injini, na kila kona aliijua kabla hatujaifikia. Kama ningeishika ile njia ya mkato, angeyaona mabondeni yetu mara moja zaidi. Hilo ni deni nililomwia. Lakini alirudi nyumbani salama, na mlangoni aliligonga gari tena kwa kidole chake, akatikisa kichwa kwa kuridhika.