Tembe Yako na Tembe ya Dada Yako



Wiki hii swali moja limejaa inboksi yangu kuliko hata maombi ya kazi na visa. Linakuja hivi: "Pasta, nimepewa dawa ya sonona, na rafiki yangu wa ushirika wa nyumbani amepewa nyingine. Yeye analala vizuri, mimi nasikia kutapika. Ipi ndiyo nzuri? Naweza kubadilisha nichukue kama yake?" Na wengine wanauliza kama wanafaa kumeza chochote, kwa sababu wameokoka.

Hilo la mwisho nalijibu kwanza maana ni fupi. Fungua 2 Wafalme 20. Hezekia anaumwa, karibu kufa. Isaya anamletea neno kutoka kwa Mungu kwamba atapona, tena ataongezewa miaka 15. Neno limeshatoka. Halafu nabii yule yule anaagiza mkate wa tini uletwe, uwekwe juu ya jipu. Sioni mahali popote ambapo Hezekia aliambiwa kwamba tini ni ukosefu wa imani. Ukiwa na kisukari unameza dawa na kanisa halikuulizi kitu. Ubongo nao ni kiungo cha mwili kama kongosho. Tusonge mbele.

Mimi nilisomea Biblia, sikusomea udaktari. Haya ninayoandika kuhusu dawa nimeyauliza kwa daktari wa magonjwa ya akili anayeabudu nasi, naye ameyapitia kabla sijayaweka hapa. Majina ya dawa nayaandika jinsi tunavyoyatamka. Kwenye pakiti yako utayakuta yameandikwa kwa Kizungu, lakini ukisoma kwa sauti utayatambua.

Dawa za sonona zina koo, kama sisi. Ule ukoo wa zamani ulianza miaka ya 1950, na kwa namna ya kushangaza. Huko Marekani wagonjwa wa kifua kikuu walikuwa wakijaribiwa dawa inayoitwa iproniazidi, na madaktari wakaona watu waliokuwa wamelala wakingoja kufa wameanza kuchangamka. Dawa ya mapafu ikawafungua macho kuhusu huzuni! Karibu wakati huo huo, huko Uswisi, daktari Roland Kuhn akagundua kwamba imipramini inainua wagonjwa wa sonona. Binamu yake ni amitriptilini, ambayo bado tunapewa sana hapa Kenya.

Amitriptilini inaleta usingizi, ndiyo maana humezwa usiku. Inakausha mdomo, inafunga choo, na kwa wengine inaongeza kilo. Mzee mwenye shida ya kukojoa inaweza kumzidishia, na mwenye presha ya macho lazima aseme kabla ya kupewa. Wewe ndugu yangu wa boda boda, kama umeanza kuimeza, mwambie daktari kazi yako ni gani, maana ule usingizi unaweza kukufuata hadi asubuhi barabarani. Jambo kubwa zaidi: ikimezwa kupita kiasi inaumiza moyo vibaya sana. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayezungumza habari za kufa, pakiti hiyo isikae kwake. Mtu mwingine aishike na ampe ya siku moja moja.

Na tafadhali, kama mama yako amepewa amitriptilini ya miligramu 10 au 25 kwa maumivu ya neva za miguu, usitangaze kwenye kikundi cha familia kwamba ameanza kutibiwa wazimu. Dawa hiyo kwa dozi ndogo hutuliza maumivu ya neva na hata kuzuia kipandauso. Dawa moja, kazi mbili.

Ukoo wa pili ndio wengi wenu mnaniuliza. Fluoksetini, ambayo wengine wanaijua kwa jina la Prozac, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1987. Ikafuatwa na ndugu zake: sertralini, paroksetini, sitalopramu na esitalopramu. Zote zinafanya kazi inayofanana. Kuna kemikali kwenye ubongo inaitwa serotonini, inayopeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine. Ikishafikisha habari, hufyonzwa na kurudishwa ilikotoka. Dawa hizi zinazuia ule ufyonzaji, serotonini ikae kidogo zaidi pale inapohitajika. Kwa jumla ukoo huu ni salama kuliko ule wa zamani mtu akimeza kupita kiasi, lakini hiyo si ruhusa ya kujipimia.

Sasa, ndugu wa tumbo moja hawana tabia moja. Fluoksetini huwachangamsha wengi, kwa hiyo humezwa asubuhi. Ukiimeza usiku unaweza kuhesabu mabati hadi alfajiri. Tena haitoki mwilini upesi. Umeacha leo, lakini wiki kadhaa baadaye bado imo. Sertralini husumbua tumbo na kuleta kuharisha zaidi ya wenzake, hasa mwanzoni, na wengi huona nafuu wakiimeza na chakula. Paroksetini hutoka mwilini haraka, kwa hiyo ukisahau siku mbili mwili unakushtaki.

Sitalopramu na esitalopramu ndizo zinazochanganya watu zaidi kwa majina. Tazama mikono yako miwili. Inafanana kabisa, lakini glavu ya kulia haiingii mkono wa kushoto. Molekuli ya sitalopramu ina sura mbili namna hiyo, ya kulia na ya kushoto, zikiwa zimechanganywa. Esitalopramu ni ule mkono mmoja tu unaofanya kazi, umetengwa peke yake. Kwa hiyo miligramu 10 za esitalopramu zinakaribia kufanya kazi ya miligramu 20 za sitalopramu. Umeona? Dada akikuambia, "Yangu ni 10 na yako ni 20, basi wewe umezidiwa," anakuumiza bure. Mwenye sertralini ya 50 si mgonjwa mara mbili na nusu kuliko mwenye fluoksetini ya 20. Hesabu hizo hazilinganishwi hivyo. Na sitalopramu ina jambo lake la moyo: mwaka wa 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba isizidi miligramu 40 kwa siku, kwa sababu dozi kubwa inaweza kuvuruga mapigo. Kama una shida ya moyo, sema kabla hujaandikiwa.

Ipi basi ni nzuri? Mwaka wa 2018 jarida la madaktari la Lancet lilichapisha utafiti uliokusanya majaribio 522 ya dawa 21 za sonona, watu zaidi ya 116,000. Zote 21 zilifanya vizuri kuliko tembe isiyo na dawa ndani, na tofauti kati ya moja na nyingine haikuwa kubwa sana. Kwa hiyo daktari anapochagua, mara nyingi anaangalia mwili wako: usingizi wako, tumbo lako, moyo wako, una mimba au unanyonyesha, na dawa nyingine unazomeza. Mambo hayo yote ni yako. Dada yako wa ushirika ana yake.

Kuna mama mmoja kati yetu ameniruhusu nieleze yaliyompata, bila jina. Alipewa fluoksetini. Wiki ya pili alikuwa na kichefuchefu na usingizi umekimbia. Baada ya maombi ya Jumatano akamwambia mwenzake, na mwenzake kwa upendo kabisa akafungua mkoba akamkatia tembe za amitriptilini. "Hizi zitakulaza." Akaacha zake, akaanza zile. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya hapo. Lakini fluoksetini huzuia ini kuondoa amitriptilini, na nimekwambia kwamba fluoksetini hukaa mwilini wiki nyingi. Kwa hiyo zile tembe chache zikawa ndani yake kama nyingi. Siku ya tano alianguka jikoni, moyo ukienda mbio, mdomo umekauka hawezi kusema. Alilala hospitalini siku tatu, amewekewa mashine ya moyo. Yuko hai, na Jumapili iliyopita alikuwa kwenye mstari wa kina mama wa jikoni akigawa chai. Yule mwenzake bado analia akikumbuka. Nimewaombea wote wawili, na urafiki wao haujavunjika.

Kutapika kule kwa wiki ya pili ndiko kunakowatoa watu wengi. Shida ya dawa hizi ni kwamba taabu hutangulia na faida hufuata. Kichefuchefu, kuumwa kichwa na wasiwasi huja siku za kwanza, na mara nyingi hupungua ndani ya wiki mbili. Nafuu yenyewe huanza kuonekana kati ya wiki ya pili na ya nne, na kwa wengine hata ya sita. Katikati hapo una bonde. Uko na ugonjwa, una taabu za dawa, na nafuu hujaiona, na ndipo mtu anakuja kukuambia, "Si uache tu, tuombe." Tuombe, ndiyo. Kuacha, hapana, isipokuwa daktari amesema.

Lakini kama una umri wa chini ya miaka 25, au una mtoto wa umri huo aliyeanza dawa hizi, nisikilize kwa makini. Kwa vijana, mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka katika wiki za kwanza au dozi inapobadilishwa. Usimwache peke yake wakati huo. Muulize wazi, kwa jina la jambo lenyewe. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na mtu yeyote, awe na umri gani, akianza kukosa usingizi kabisa bila kuchoka, anaongea haraka, anatumia pesa ovyo na anasema ameitwa kuwa mtume wa mataifa, usikimbilie kumwekea mikono ya kumtawaza. Mrudishe kwa daktari. Kuna ugonjwa wa kupanda na kushuka, na dawa ya sonona ikitumiwa peke yake inaweza kumrusha mtu kama huyo juu.

Sasa wenye ndoa. Najua hamtaki niseme haya hapa, lakini yananijia ofisini, mume akilia kwamba mke amebadilika, au mke akishuku kuna mwanamke mwingine. Dawa za ule ukoo wa pili hupunguza hamu ya tendo la ndoa kwa watu wengi, na kuchelewesha au kuzuia kufika kileleni. Si pepo, wala mume wako hajachoka nawe. Ni dawa, na daktari anajua, ila hawezi kusaidia usipomwambia. Anaweza kupunguza dozi au kukuhamishia nyingine. Mitazapini, kwa mfano, husumbua kidogo upande huo, ingawa yenyewe inaleta usingizi na njaa, na utaona nguo zikibana. Zungumzeni wawili, muende kliniki wawili.

Januari tunapofunga siku 21, nimesema madhabahuni na nasema tena: tembe na maji havivunji mfungo wako. Kama yako inakutapisha bila chakula, kunywa uji kwanza, na Bwana anaujua moyo wako. Na mama unayemeza amitriptilini saa tatu usiku, usiiruke ili uje kesha. Eliya alipoomba afe chini ya mretemu, malaika hakumwitia kesha. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akamlisha tena. Kaa nyumbani ulale, sisi tutaomba.

Usiache ghafla. Dawa hizi hazikutii kiu ya kuzidisha kama pombe, lakini mwili huzizoea. Ukikata kwa siku moja unaweza kupata kizunguzungu, ndoto za ajabu, na kitu kama stima inayokupiga kichwani. Wengi wakipata hayo husema ugonjwa umerudi, au adui amerudi na wenzake saba. Hupunguzwa polepole, kwa wiki au miezi, daktari akiangalia. Na ukiandikiwa tramado kwa maumivu, au ukinunua dawa za mitishamba za kutuliza mawazo, mwambie mfamasia kwanza unameza nini. Zikikutana na hizi, serotonini inaweza kuzidi na kukuletea homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa.

Je, Mungu akikuponya? Ninaamini anaponya, na nimeona. Wale wakoma kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, maana kuhani ndiye aliyekuwa na kazi ya kuthibitisha. Wako ni daktari. Nenda umwambie umepona, mpange pamoja namna ya kupunguza, na akishakuthibitisha njoo na ushuhuda wako. Nitakupa maikrofoni na sitakupimia dakika.

Kesho ukienda kliniki, beba pakiti zako zote kwenye mfuko mmoja, hata za presha, hata za uzazi wa mpango, hata zile ulizopewa na jirani. Andika kwenye karatasi siku ulioanza na kinachokusumbua, usije ukasema "sijambo" kwa mazoea halafu ukarudi nyumbani vile vile. Kama hujui uanzie wapi, hospitali kubwa za kaunti nyingi zina kliniki ya afya ya akili. Ukiogopa kuonekana kwenye benchi lile, niambie. Nitaketi nawe.

Baba, kuna mtu anasoma hapa akiwa wiki ya pili. Tumbo linamsumbua na bado hajaona nafuu. Mshike hadi wiki ya nne. Amina.